Siku Niliyomtaka Mama Ataje Jina

Juzi mjukuu wangu Moraa alirudi kutoka mafunzo ya makarani wa uchaguzi pale Nyamira mjini, amevaa fulana mpya na kubeba kitabu kinene cha maagizo. Alikuwa amejaa maneno mpaka chai ikampoa. Kuna mashine ya kusoma kidole, kuna namba ya siri, kuna fomu ya hili na fomu ya lile. Nilimwacha amalize. Mwishowe akaniuliza, "Sokoro, nyinyi wa zamani kura mlikuwa mnailinda na nini?"

Sokoro ndiyo babu kwetu. Nikamwambia tulikuwa na lakiri, kufuli na macho. Akacheka, akadhani natania.

Sikuwa natania. Lakini pia sikumwambia yote, maana kuna jambo ambalo nikianza kulisema ana kwa ana silimalizi. Ndiyo sababu nimechukua daftari. Haya, Moraa na wenzako wote mliopewa fulana hizo, kaeni nami kidogo. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi. Kila uchaguzi ulipoitwa miaka ile ya sitini na sabini, serikali ilitukusanya walimu ikatufanya makarani na wasimamizi wa vituo. Tulikuwa na mwandiko mzuri, tulijulikana vijijini, na tulikuwa tumeshazoea kupangiwa kazi bila kuulizwa.

Aliyenifunza kazi alikuwa Mzee Makori wa kule Mosocho, aliyepata kuwa karani wa baraza la wazee. Alikuwa mtu mfupi, Mkatoliki wa kuhudhuria misa bila kukosa, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata jua liwake namna gani. Hakupenda maneno mengi. Ukimweleza jambo kwa kirefu alikuwa anasema, "Mwalimu, mimi si darasa." Basi unafupisha.

Makori ndiye aliyenifunza kwamba sanduku la kura haliaminiki mpaka lipinduliwe. Siku hizi mnafungua kifuniko, mnaonyesha mawakala, mnafunga. Makori alikuwa analibeba sanduku lile la chuma nje, mbele ya foleni, analipindua juu chini, analigonga mgongo mara tatu, kisha anamwita mzee mmoja kutoka kwenye mstari atie mkono mle ndani apapase mpaka pembeni. Ndipo linafungwa kwa kufuli, kamba inapitishwa, lakiri inayeyushwa kwa mshumaa na kupigwa muhuri. Mara ya kwanza nilipoyeyusha lakiri mimi niliimwagia kidole changu cha shahada. Nikashinda mchana kutwa nikiwaonyesha watu njia kwa kidole cha kati, jambo ambalo lilikaribia kuniletea ugomvi na wazee wawili.

Sasa, siku moja tulipindua sanduku lililokuwa limelala wiki nzima kwenye ghala la chifu. Makori akaligonga mara ya kwanza, kimya. Akaligonga mara ya pili, likatoka yai. Yai la kuku, bichi, likapasuka pale kwenye nyasi mbele ya watu wote. Kuku wa chifu alikuwa amepata mahali pazuri pa kutagia. Watu wakacheka hadi wengine wakatoka kwenye mstari. Lakini wakala mmoja hakucheka. Akasema yeye hawezi kuweka sahihi kwamba sanduku lilikuwa tupu, kwa sababu halikuwa tupu.

Mimi nikamwambia aache utoto. Makori akanitazama vibaya. Akafungua kitabu cha matukio, akachovya kalamu, akaandika kwa ule mwandiko wake wa kusimama: "Ndani ya sanduku palikuwa na yai moja. Limevunjika. Baada ya hapo sanduku lilikuwa tupu." Mawakala wote wakatia sahihi, yule mbishi akiwa wa kwanza.

Baadaye akaniambia, "Kilichotokea ndicho kinachoandikwa. Ukianza kuchagua kidogo cha kuacha, kesho utaacha kikubwa." Mlikumbuke neno hilo, nitalirudia.

Mengine aliyonifunza yalikuwa madogo madogo, lakini ndiyo yaliyoshika kazi. Alikuwa na kitambaa kikavu mfukoni, na kila kidole alikipangusa kwanza kabla hakijatiwa wino, kwa sababu vijana wajanja walikuwa wanakuja wamejipaka mafuta kidoleni ili wino usishike, wakakioshe warudi kupiga tena. Nilimwona akimpangusa kijana mmoja kidole taratibu kama muuguzi, kisha akakinusa. "Mafuta ya ng'ombe," akasema. "Rudi nyumbani ukanawe, mwanangu, halafu uje upige kura yako moja kama watu."

Alihesabu karatasi mara tatu: zilizokuja, zilizotolewa na zilizobaki, na mara zote tatu hesabu lazima ikubaliane. Siku moja jioni ikanipungua karatasi moja. Tukatafuta chini ya madawati, tukatafuta ndani ya makoti, na mawakala wakaanza kunitazama kwa jicho la wizi. Kumbe niliikalia. Ilikuwa imenasa kwa lakiri nyuma ya suruali yangu, na nilikuwa nimetembea nayo uwanjani mara mbili. Hilo nalo aliliandika kitabuni kama lilivyotokea, na mimi nikalitilia sahihi kwa aibu.

Halafu kuna majina. Nyinyi mna mashine. Sisi tulikuwa na daftari la wapiga kura na midomo yetu. Nilipokuja kupangiwa kituo kule Nyansiongo, kwenye mashamba yaliyoachwa na masetla wa Kizungu, tulipigia kura kwenye banda lililokuwa la kukamulia ng'ombe. Watu wa kule walikuwa wametoka kila pembe ya Kisii na majina yao yamejirudia kupita kiasi. Nilikuwa na kina Nyaboke sita kwenye ukurasa mmoja. Ungefanyaje? Nilikuwa namuuliza mama, "Umeolewa na nani? Kwenu ni wapi? Nyumba iliyo chini yenu ni ya nani?" Kwa dakika moja najua ni Nyaboke yupi. Mara moja nikamuuliza mmoja ng'ombe za mahari zilienda wapi, akaniambia, "Mwalimu, hazijaisha kuja, nenda ukamuulize huyo huyo mume wangu." Foleni nzima ikamgeukia mume.

Kwa hiyo mtaona kwamba silaha yetu kubwa ilikuwa kuwajua watu. Tulijua nani ni wa nani, na nani hamtaji nani. Hapo ndipo ninapotaka kufika, na hapo ndipo nilipoharibu.

Ulikuwa uchaguzi mdogo wa diwani, katika kijiji kimoja upande wa Nyamira, shule iliyo juu ya kilima. Diwani wa kwanza alikuwa amefariki. Kwa mara ya kwanza nilipewa kituo changu mwenyewe. Makori alikuwa kituo kingine ng'ambo ya mto. Nilikuwa na kitambaa cha msimamizi kwenye mkono, viatu vipya, na mabega yangu yalikuwa yamepanda mpaka masikioni. Kama mngeniona siku ile msingenipenda.

Wagombea walikuwa watatu, na wawili kati yao walikuwa na jina moja la ubatizo. Kulikuwa na Samweli Machuki, na kulikuwa na Samweli Ondieki. Karatasi zilitoka na majina matupu, bila picha yoyote. Kwa asiyejua kusoma, sheria ilisema aje mezani, ataje jina la anayemtaka mbele ya msimamizi na mawakala, na msimamizi amwekee alama. Wanawake wengi wa kilima kile walikuwa hawajui kusoma.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mzee Ondieki, babu yake huyu Samweli, ndiye aliyekuwa baba wa kilima chote. Alikuwa na wake wengi, wana wengi, na wana wale walikuwa wameoa. Alikufa kabla huyu mjukuu hajazaliwa, ndiyo maana mtoto akarithishwa jina. Na kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake. Hiyo ni ensoni, heshima yenye haya ndani yake, na kufa kwa mzee hakuiondoi. Mama aliyezaa mtoto mwenye jina la mkwe wake haliiti jina hilo hata akimtafuta porini. Atamwita kwa jina la ubatizo, au atamwita "mzee" tangu akiwa anatambaa.

Saa nne hivi akaingia mama yake Samweli Ondieki. Jina lake lilikuwa Kemunto. Mama mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, nguo ya kanisani, kadi yake ameikunjia ndani ya leso. Nilimjua. Nilikuwa nimewafundisha watoto wake wadogo. Nikampangusa kidole, nikamtia wino, nikamuuliza kwa sauti ya serikali, "Mama, unamtaka nani?"

"Samweli," akasema.

"Samweli yupi? Wako wawili."

Akatabasamu akidhani namchokoza. "Samweli wangu."

Mawakala walikuwa watatu kwenye benchi. Wa Machuki aliitwa Ombui, mtu mwerevu, fundi cherehani, mwenye kicheko cha karibu. Akainua mkono. "Mwalimu, hapa hakuna Samweli wangu wala Samweli wako. Sheria inataka jina lote, bwana. Ataje."

Nikamgeukia mama. "Taja jina lote, mama."

Alitazama chini, kisha akanitazama mimi usoni, akingoja nimsaidie. "Mwanangu," akasema polepole. "Yule niliyemzaa. Wewe unamjua, mwalimu."

"Anamjua, lakini karatasi haimjui," Ombui akasema.

Watoto wangu, sote chumbani mle tulijua. Ombui alijua, kwa sababu mke wake mwenyewe alimwita baba yake Ombui "mwenye lango." Mawakala wengine walijua. Mimi nilijua kuliko wote, maana nimekulia ndani ya nyumba ambayo mama alitaja jina la babu mara moja tu kwa bahati mbaya, akakaa siku mbili bila kula. Hapakuwa na mtu mmoja mle ndani aliyekuwa na shaka mama yule anamtaka nani, na hapakuwa na aliyekuwa na shaka kwa nini hawezi kulisema.

Na mimi nikasema, "Mama, sheria ni sheria. Taja jina au toa nafasi kwa wengine."

Nilimwogopa Ombui. Sina neno lingine. Niliogopa aandike malalamiko, yafike kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya, na nisipewe kituo tena. Nilikuwa nimeona jina langu limepigwa taipu kwenye orodha ya wasimamizi, na nilikuwa nalipenda lile jina lililopigwa taipu kuliko mama yule aliyesimama mbele yangu.

Kemunto alisimama kidogo. Midomo yake ilicheza, nikadhani atalisema. Halafu akatikisa kichwa. "Yaya," akasema, yaani hapana, na akatoka na kidole chake cheusi kwa wino, bila kupiga kura.

Nje wanawake wenzake walimwona anatoka. Walikuwa wake za mashemeji zake, wote wameolewa na wana wa mzee Ondieki. Wakaongea kwa sauti ya chini, labda dakika mbili. Wakajitoa kwenye mstari mmoja mmoja, wakashuka kilima. Niliwaona kupitia dirisha, vitambaa vyao vyeupe na vya buluu vikipotea kwenye migomba. Ombui alikuwa anapiga kisigino cha kiatu chake kwenye sakafu, taratibu, kama mtu anayesikia wimbo mzuri.

Jioni nikafunga sanduku, nikalitia lakiri vizuri kabisa, sikujiunguza hata kidogo. Hesabu ya karatasi ikakubaliana mara zote tatu. Nikafungua kitabu cha matukio na kuandika: "Baadhi ya wapiga kura wanawake waliondoka kwa hiari yao." Mawakala wakatia sahihi. Kila kitu kilikuwa sawa kama mnavyofundishwa.

Samweli Ondieki akashindwa na Samweli mwenzake. Tofauti ilikuwa ndogo. Ule mstari wa wanawake walioshuka kilima ulikuwa mrefu kuliko tofauti ile.

Wiki iliyofuata Makori alisoma vitabu vya vituo vyote, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kabla havijapelekwa Kisii. Akaniita. Akaweka kidole kwenye mstari wangu. "Hawa wanawake waliondokea nini?"

Nikaanza kumweleza kwa kirefu. Akanikatiza, kama kawaida. Nikafupisha.

"Ungesoma majina," akasema.

"Mzee, tulikatazwa kumtajia mpiga kura jina."

"Kumtajia moja. Ungesoma yote matatu, kutoka juu mpaka chini, kwa sauti moja, bila kumtazama. Halafu unasoma tena. Unamwambia, ukisikia la kwako sema ndiyo. Mimi hufanya hivyo tangu mwanzo. Wanawake wote wa kwetu hupiga kura." Akafunga kitabu. "Yai la kuku tuliliandika kama lilivyokuwa. Mama wa watu umemwandikia uongo."

Nilitaka kumwambia angenifunza mapema. Lakini hakujua kwamba kuna mwalimu Mkisii ambaye angehitaji kufunzwa jambo hilo. Hata mimi mpaka leo najiuliza kwa nini sikulifikiria. Lilikuwa jambo la pumzi tatu.

Kama yangeishia hapo, ningesema nilimnyima mama kura moja na mtoto wake udiwani, nikaomba Mungu anisamehe. Hayakuishia hapo. Ombui alirudi kwenye cherehani yake sokoni, na kila aliyeleta suruali aliambiwa kisa, lakini nusu yake tu. "Mimi nilikuwa ndani," alikuwa anasema. "Mama mzazi aliingia, akatiwa wino, akatoka bila kumpigia mwanawe. Kama mama hakumtaka, sisi ni nani?" Watu wakacheka. Neno likapanda kilima, likashuka upande wa pili, likamfikia Samweli.

Na Samweli aliamini. Usishangae. Mama yake alikuwa mtu wa sala, aliiogopa siasa kama moto. Usiku wa kuamkia siku ya kuchukua fomu alimsihi mwanawe aache, amesikia siasa inaua. Mtoto alichukua fomu kwa nguvu. Kwa hiyo aliposikia mama aliingia akatoka, alijumlisha moja na moja. Alikuwa pia na hasira ya kushindwa, na mwenye hasira hachelewi kupata wa kumlaumu. Akauza mbuzi zake, akapata shamba kwenye skimu, yale mashamba ya masetla yaliyogawanywa kule Nyansiongo, akahama na mke na watoto. Hakumuaga mama yake. Na Kemunto, kwa ensoni ile ile, angeanzaje kumweleza mwanawe kwamba lililomshinda kutamka ni jina lake?

Mimi nilijua. Nilikuwa naishi chini ya kilima kile kile. Nilikuwa nakutana na Kemunto njia ya kisima, ananisalimia, "Mwalimu, watoto wanasoma?" Hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilikuwa linanila. Kila mara nilijiambia nitapanda basi niende Nyansiongo nikamweleze Samweli. Na kila mara nilijijibu kwamba nilikula kiapo. Mnakijua hicho kiapo, nanyi mmekula juzi: sitatoa siri ya kura ya mtu yeyote niliyoiona au kuisikia kituoni. Nikajificha nyuma ya kiapo kile miaka na miaka. Nilikuwa nakisema moyoni kama aya ya kukariri.

Mama Kemunto akafariki. Ugonjwa wa kifua. Samweli alikuja mazishini, akasimama mbali karibu na ua wa miti na mikono mfukoni. Watoto wake wengine walisema neno juu ya mama yao. Alipoitwa yeye alitikisa kichwa, na watu wakanong'ona. Mimi nilikuwa nimekaa na walimu wenzangu, safu ya tatu. Chakula kilipoletwa nikala.

Mwaka uliofuata ndio nilipopangiwa lile banda la kukamulia kule Nyansiongo. Niliwaambia habari ya kina Nyaboke, nikawachekesha. Sikuwaambia nani alikuwa nyuma yao kwenye mstari. Nilikuwa naita majina kutoka kwenye daftari, kidole changu kikashuka, nikasoma kabla akili haijafika: "Samweli Ondieki."

"Niko hapa, mwalimu," akasema.

Alikuwa amenenepa kidogo, nywele zimeanza kijivu. Nikapangusa kidole chake. Nilipokitia wino nikaudondosha mezani. Akanitazama, akapiga kura yake, akatoka. Nikamwambia karani wangu ashike meza, nikamfuata nje mpaka kwenye birika la zamani la ng'ombe.

Nikamwambia yote. Sikuongea kwa kirefu. Nilimwambia mama yake aliingia, nikamuuliza unamtaka nani, akasema Samweli. Nikamwambia wako wawili. Akasema, Samweli wangu. Nikamwambia jinsi Ombui alivyoinua mkono, na mimi nikamtaka ataje jina, na kwa nini hakutaja, akatoka bila kupiga kura.

Samweli alishika ukingo wa birika. "Rudia alivyosema," akasema. "Rudia kwa lugha yetu, kama alivyosema yeye."

Nikarudia. Samweli wangu. Yule niliyemzaa.

Alilia bila sauti, mtu mzima, mbele ya ng'ombe wa watu. Nilidhani atanipiga na ningemshukuru. Alipotulia akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nimekula kiapo cha siri ya kura."

Akanitazama, na hakukuwa na hasira usoni mwake, afadhali ingekuwepo. "Lakini mwalimu," akasema, "si ulisema mama hakupiga kura? Ulikuwa unatunza siri gani?"

Hapakuwa na siri yoyote. Kulikuwa na mama na mtoto, na mimi katikati yao na kitambaa cha serikali mkononi.

"Mimi nilikuwa mazishini," akaendelea kwa sauti ya chini. "Wewe nilikuona. Ulikuwa umeketi na walimu. Ningejua siku ile, ningesema neno. Nilikataa kumsemea mama yangu neno." Akavaa kofia yake, akaondoka kupitia malisho, na hatukuongea tena.

Jioni ile nilifungua kitabu cha matukio cha kituo kile, na chini ya mambo ya siku niliandika mambo ya kituo kingine, ya miaka mingi iliyopita, jina kwa jina, pamoja na uongo wangu. Makori alikuwa amestaafu. Sijui kama kuna mtu aliyekisoma.

Moraa, hiyo mashine yako itasoma kidole vizuri kuliko nilivyokuwa napangusa mimi, na nafurahi. Lakini bado atakuja mama, au mzee asiyeona vizuri, atasimama mbele yako na kukuomba umsaidie, na mtu kwenye benchi atainua mkono. Wewe soma majina yote, kutoka juu mpaka chini, kwa sauti moja. Kisha usome tena. Usiwe na haraka. Mimi husoma yale matatu mpaka leo, nikiwa peke yangu njia ya kisima, nikifika la Ondieki nasimama kumngoja Kemunto aseme ndiyo.